Zawadi ya Mwalimu Ugenini

Mwalimu aendaye kufundisha katika nchi isiyo yake huchukua vitabu vyake, nguo zake na elimu aliyoruzukiwa. Kitu kimoja hawezi kukichukua, nacho ni desturi ya watu wake ya kumheshimu mwalimu. Huko aendako atakuta desturi nyingine, na asipoijua huenda akaudhi alipotaka kushukuru, au akapokea lile ambalo lilimpasa kulirudisha.

Lililotutia kuandika maneno haya ni waraka wa kijana wetu mmoja. Alisoma chuoni kwetu tangu alifu, na leo anafundisha lugha yetu ya Kiswahili katika Korea ya Kusini. Wasomaji wasistaajabu, maana huko Kiswahili kinasomeshwa katika chuo kikuu tangu miaka ya 1980. Kijana huyu alituuliza swali moja, na jawabu lake likatugeukia sisi wenyewe, kama tutakavyoeleza.

Kwanza tuitazame desturi ya watu wale. Kwa Wakorea, mwalimu ni mtu mwenye daraja kubwa. Wazee wao wa zamani walimweka pamoja na mfalme na baba, na wakawausia watoto wasikanyage hata kivuli chake. Mwanafunzi hamwiti mwalimu kwa jina tupu, bali humwita kwa neno la heshima, *seonsaengnim*, kama sisi tusemavyo maalim. Akimpa kitu humpa kwa mikono miwili huku ameinama, na mwalimu naye hupokea kwa mikono miwili. Mtoto wa pwani aliyelelewa vyema hataona ugeni mkubwa katika hayo.

Wanayo pia siku makhsusi ya walimu. Asili yake ni njema mno. Mwaka 1958, katika mji mdogo wa Ganggyeong, wanafunzi waliokuwa katika chama cha vijana cha Msalaba Mwekundu waliwaendea walimu wao waliokuwa wagonjwa na waliostaafu, wakawajulia hali. Jambo hilo likaenea, na mwaka 1965 siku ikawekwa tarehe 15 Mei, siku ya kuzaliwa Mfalme Sejong, ambaye katika karne ya 15 aliwatungia watu wake herufi nyepesi ili hata mnyonge aweze kusoma. Serikali iliiondoa siku hiyo mwaka 1973 na ikairudisha mwaka 1982. Siku hiyo wanafunzi humwimbia mwalimu wimbo wa shukrani na kumbandika kifuani ua jekundu la karnesheni.

Lakini penye heshima shetani naye hutafuta nafasi. Polepole ua likafuatwa na kikapu, kikapu kikafuatwa na bahasha. Wazazi walianza kumpa mwalimu fedha ndani ya bahasha nyeupe ili mtoto wao atazamwe kwa jicho jema. Aliyekuwa nacho alitoa kwa furaha, na asiyekuwa nacho alikopa, kwa khofu ya mtoto wake kusahauliwa nyuma ya darasa. Mambo yakafika hata mwaka 2006 shule nyingi za Seoul zikafunga milango siku ile ya tarehe 15 Mei, ili zawadi zisipate pa kuingilia. Fikirini, enyi ndugu: siku ya kumshukuru mwalimu, na mwalimu hayupo!

Hatimaye ikapitishwa sheria mwaka 2015, ikaanza kutumika tarehe 28 Septemba 2016. Watu huiita kwa jina la Kim Young-ran, hakimu wa zamani wa mahakama kuu kabisa ya nchi hiyo, ambaye ndiye aliyeipendekeza. Baina ya watu wengine wenye kukutana kikazi, sheria ilipoanza iliruhusu zawadi isiyozidi won 50,000. Amma baina ya mwanafunzi na mwalimu anayemfundisha na kumpa alama, haikuruhusu kitu. Siku ile ile ya kwanza polisi walipigiwa simu kuambiwa kuwa mwanafunzi mmoja amempa profesa wake kopo la kahawa. Watu walicheka, lakini waliielewa sheria.

Hata ua lenyewe liliwekewa mpaka. Mkuu wa wanafunzi aweza kumpa mwalimu ua mbele ya wote, kwa niaba ya wote. Mwanafunzi mmoja mmoja hana ruhusa. Barua iliyoandikwa kwa mkono haina kizuizi. Na aliyekwisha maliza masomo, ambaye mwalimu hana tena alama za kumpa, huyo ana nafasi ya kumkumbuka mwalimu wake.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Mwanafunzi mmoja, siku chache kabla ya mtihani, alimletea sanduku la matunda ya peasi, akalitoa kwa mikono miwili huku ameinama. Kijana wetu alikumbuka mafunzo ya nyumbani, kwamba kurudisha zawadi ni kumvunja mtu uso. Akaogopa pia sheria, maana sheria ile humshika mgeni kama imshikavyo mwenyeji. Alimwambia mwanafunzi, "Nia yako nimeipokea, matunda wapelekee wazee wako." Usiku akatuandikia, "Maalim, je, nimekosa adabu?"

Katika waraka huo alitaja jambo jingine litakalowafaa wanaosafiri. Katika sikukuu yao ya mavuno, Chuseok, waajiri huwapa wafanyakazi zawadi, na mara nyingi huwa ni makopo ya nyama ya nguruwe yaliyopangwa vizuri ndani ya sanduku. Mwaka wa kwanza alipewa hayo, akashukuru, kisha akamweleza mwenzake kwa upole kwamba dini yake haimruhusu. Mwaka wa pili akaletewa mwani wa kukausha. Kusema kweli kwa adabu hakukumvunjia mtu heshima.

Tulitaka kumjibu upesi kwamba hakukosa. Kalamu ikasita mkononi, maana tulikumbuka kosa letu.

Miaka kadhaa iliyopita, mzee mmoja mwenye duka alituletea gunia la mchele na kanzu mpya. Hakusema neno. Wiki ile ile tulimvusha mwanawe juzuu, ilhali makhraj yake yalikuwa bado. Aliyekaa naye mkeka mmoja, mtoto wa mvuvi, alikuwa amehifadhi vizuri kumshinda, nasi tukamwambia angoje. Baba yake alikuja jioni, miguu ingali na mchanga wa pwani, akauliza, "Maalim, mwanangu amekosa nini?" Tukamjibu maneno marefu yasiyo na maana. Akaitikia, "Haya, maalim," akaondoka. Mtoto alimaliza mwezi, kisha hatukumwona tena chuoni.

Sisi tuliliita gunia lile hadiya. Lakini katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim tunasoma khabari ya mtu aliyetumwa na Mtume (s.a.w.) kukusanya zaka, akarudi akigawa mali mafungu mawili, la Waislamu na lake, akidai kwamba hili la pili amezawadiwa. Mtume alichukizwa, akauliza mbele ya watu kama mtu huyo angaliletewa vitu hivyo lau angalikaa nyumbani kwa wazazi wake. Swali hilo ndilo mizani. Lau tusingalikuwa na uwezo wa kumvusha mtoto juzuu, je, gunia lingalifika mlangoni petu?

Basi tulimwandikia kijana wetu kwamba adabu hakuikosa, bali alitufundisha sisi tuliomfundisha. Kisha tukawaita wazee wa chuo tukawaambia mambo mawili. Ada ya chuo itabaki ile ile kwa wote. Na atakaye kumshukuru mwalimu angoje mtoto ahitimu, kisha watoe pamoja, sinia moja kwa jina la watoto wote. Nyumbani kwa yule mvuvi tulikwenda kwa miguu yetu kuomba radhi. Alitupokea, akatukaribisha kahawa. Mtoto alikuwa amekwisha ingia baharini na baba yake. Kwa sasa huja kusoma usiku, siku mbili kwa wiki.

Wazazi wenzetu, mwalimu hafurahii kitu kama kumwona mtoto amejua. Msalimieni, muombeeni dua, mtembeleeni augupo kama walivyofanya wale watoto wa Ganggyeong. Nanyi mnaokwenda kufundisha nchi za watu, ulizeni desturi na sheria kabla sanduku halijafika mikononi mwenu. Mkilazimika kukataa, kataeni kwa mikono miwili.