Pikapu Isiyowaka Asubuhi: Anzia Moshi, Usianzie Nozeli

Mwezi Juni na Julai, Njombe na Makete zinapoamkia baridi ya kuuma na nyasi za Kitulo zinapopigwa sakitu, pikapu za dizeli zinazobeba viazi huanza kugoma. Asubuhi starti hupigwa mpaka betri inalegea, ndipo injini inakohoa na kuwaka. Mchana gari hilohilo, likipakiwa na kuelekezwa mlimani, halivuti. Mwenye gari hufika gereji na malalamiko mawili, na fundi humpa majibu mawili: ya asubuhi ni hita, ya mlimani ni nozeli au turbo. Hoja yangu ni kwamba mara nyingi hayo ni maradhi mamoja, na chanzo chake kiko upande wa bei rahisi, kati ya tangi na pampu, mahali pasipochunguzwa kwa sababu hapadondoshi hata tone. Sisemi ni kila gari. Nasema hapo pathibitishwe kwanza, kabla mtu hajalipia spea ambazo haziuzwi kwa bei ya viazi.

Injini ya dizeli haina cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda hadi joto lake linapita nyuzi 500, na dizeli, ambayo huwaka yenyewe kwenye nyuzi 210 hivi, ikipuliziwa humo inashika moto. Kwa hiyo asubuhi ya baridi kuna maswali mawili tu ya msingi: je, dizeli imefika? Na kama imefika, je, imekuta joto la kutosha? Anayejibu ni moshi. Mtu mmoja apige starti, mwingine asimame nyuma kwenye ekzosi. Ukitoka moshi mweupe unaonuka dizeli mbichi, mafuta yamefika ila hayakuungua, na hapo tuhuma ziende kwa hita, kasi ya starta au kompresheni. Usipotoka moshi wowote, mafuta hayajafika kwenye silinda, na hita mpya hata zikiwa za dukani kwa wakala hazitasaidia kitu. Kipimo hiki hakina gharama, lakini ndicho kinachorukwa kuliko vyote.

Wapo watakaopinga: gari likishawaka linakuwa zima siku nzima, basi si ni baridi hiyo? Hoja hiyo inasahau kwamba usiku hufanya mambo mawili kwa pamoja, hupoza injini na huisimamisha kwa saa nyingi. Kwenye pikapu nyingi, zikiwemo Hilux za D-4D, pampu iliyo kwenye injini ndiyo inayoivuta dizeli kutoka kwenye tangi na kuipitisha kwenye filta. Mpira unaoipitisha dizeli hiyo basi unanyonya. Ukipata ufa mdogo au klipu ikilegea, unafanya kama mrija wa soda uliotoboka: hauvuji nje, unaingiza upepo. Usiku kucha dizeli hurudi taratibu tangini, na asubuhi starta inalazimika kuzungusha injini muda mrefu mpaka mafuta yapande upya. Kulitambua tatizo hili ni rahisi. Kabla ya kupiga starti, bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu. Gari lililokuwa likisumbua kila siku likiwaka papo hapo, usiguse hita. Tafuta upepo unapoingilia. Fundi makini hufunga kipande cha mpira unaoonyesha ndani, kati ya filta na pampu, kisha hutazama. Dizeli safi hupita kimya kama haitembei. Yenye upepo huonyesha vipovu vikifuatana, na injini ikikanyagwa huongezeka.

Ongezeko hilo ndilo linalounganisha asubuhi na mlima. Kwenye tambarare pampu haihitaji mafuta mengi, hivyo ufa mdogo au filta iliyoziba nusu havionekani. Mzigo ukizidi, mahitaji yanapanda, mvutano ndani ya mpira unaongezeka, na pampu inapata mchanganyiko wa dizeli na upepo. Gari linakosa nguvu bila kutoa moshi wa maana. Moshi mweusi ni habari nyingine kabisa: dizeli ipo, hewa ndiyo pungufu. Hapo angalia filta ya hewa, mipira ya turbo iliyopasuka, au valvu ya EGR, ile inayorudisha moshi kwenye injini, iliyoganda ikiwa wazi. Na kwa Land Cruiser zenye injini ya 1HZ isiyo na turbo, sehemu ya lawama ni ya jiografia. Njombe iko kwenye mita karibu 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi kwa takriban moja ya tano kuliko Dar es Salaam. Hakuna nozeli itakayoirudisha hewa hiyo.

Pingamizi zito zaidi ni la kompyuta. Mashine imechomekwa, imeandika P0087, yaani shinikizo kwenye reli ya mafuta ni dogo, na pampu mpya imeshaagizwa. Lakini msimbo huo unataja matokeo, hautaji aliyeyasababisha. Injini za kisasa hazifungui nozeli mpaka shinikizo kwenye reli lifike kiwango fulani, mara nyingi bar 200 na ushei, na zikifanya kazi nzito hufika 1,600 au zaidi. Pampu nzima inayolishwa upepo itashindwa kufika huko sawasawa na pampu mbovu, na kompyuta haiwezi kuzitofautisha. Maji kutoka kwenye madumu, na dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa, huongeza balaa, kwa kuwa pampu hizi hulainishwa na dizeli yenyewe. Filta imwagwe kwenye chombo cha kioo na itazamwe. Maji hukaa chini, dizeli juu.

Moshi mweupe ukiwepo, zamu ya hita imefika. Vua bati linaloziunganisha, kisha gusisha taa ya majaribio kati ya chanya ya betri na kichwa cha kila hita. Isiyowasha taa imekufa. Kumbuka pia kwamba 1HZ, yenye chemba ndogo ya awali inayopoteza joto upesi, huzihitaji hita hata kwenye baridi ya wastani, ilhali D-4D iliyoko Mombasa inaweza kuishi bila hizo. Starta inayozunguka kwa uvivu hutosha yenyewe kuua joto, na oili nzito huizidishia kazi. Wanaopulizia petroli au etha kwenye mdomo wa hewa wanacheza na moto kweli: hita zikiwa nyekundu, mlipuko hutokea mahali pasipostahili, na ringi za pistoni hulipa.

Haya yote hayamaanishi kwamba nozeli hazifi wala injini hazizeeki. Injini iliyochoka hupumua kwa nguvu kwenye mfuniko wa oili, na geji ya kompresheni huonyesha silinda moja iliyoachwa nyuma na wenzake. Nozeli za mfumo wa reli zina kipimo chake: mipira ya marejeo hufunguliwa, kila mmoja ukaelekezwa kwenye chupa yake, injini ikaachwa iungurume dakika chache. Chupa zikipanda karibu sawa, nozeli haziibi shinikizo. Moja ikijaa upesi kuliko zote, mwenye gari ana jina la nozeli moja ya kununua badala ya nne, na fundi ana chupa ya kumwonyesha.