Shingo inayovutika huokoa faida ya fundi
Nguo ya mtoto isiyopita kichwani haina soko, hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa. Kichwa cha mtoto wa mwaka mmoja huwa na mzunguko wa takriban sentimita 46. Mafundi cherehani wanaoshona tisheti za watoto wanashauriwa kukata ukanda wa shingo kwa upande unaovutika, urefu wake uwe kama asilimia 85 ya tundu la shingo. Tundu la sentimita 40 huhitaji ukanda wa 34, ukiongeza nafasi ya mshono. Ukanda usipovutika hadi 46, kitambaa hicho hakifai. Itumike sindano ya ncha butu na mshono wa zigizaga. Mshono ulionyooka hukatika ukivutwa, na nguo iliyofumuka hurudishwa kwa fundi.