Mbio za siku nyingi: Punguza uzito wa begi, usiguse kinga ya uhai

Mama mmoja, msomaji wa safu hii, ameniandikia kuhusu kijana wake wa miaka 24 anayejiandaa kwenda kukimbia jangwani nchini Morocco. Anasema kila jioni kijana hupima begi lake na kutoa kitu. Juzi alitoa blanketi la dharura. Jana akatoa pampu ya pumu, kwa maelezo kwamba hajabanwa kifua mwaka mzima. Mama anauliza: kipi kinaweza kutolewa, na kipi hakiguswi?

Mbio anazozizungumzia ni Marathon des Sables, zilizoanza mwaka 1986. Washiriki hukimbia takriban kilomita 250 kwa hatua, siku baada ya siku, katika jangwa la Sahara. Maji na hema hutolewa na waandaaji, lakini chakula cha wiki nzima, nguo na mfuko wa kulalia mkimbiaji hubeba mwenyewe. Kwa kanuni zilizozoeleka, begi bila maji huwa kati ya kilo 6.5 na 15, na chakula kisipungue kilokalori 2,000 kwa siku.

Kijana wako ana haki ya kuhangaikia uzito. Kila kilo ya ziada huongeza mzigo kwenye magoti na nyayo, na mwili unaofanya kazi zaidi hutengeneza joto zaidi. Ila uzito una mahali pake pa kupunguzwa.

Anza na chakula

Chakula ndicho huchukua sehemu kubwa ya uzito, na kosa la kwanza ni kubeba maji ndani ya chakula. Gramu 100 za wali uliopikwa zina takriban kilokalori 130. Gramu 100 za karanga zina zaidi ya 550. Kwa maana hiyo, kilokalori 2,000 za wali zingekuwa na uzito wa kilo moja na nusu, wakati za karanga hazifiki gramu 400. Sababu ni kwamba gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9, wakati wanga na protini hutoa 4 tu.

Hata hivyo, asijaze karanga peke yake. Misuli inayokimbia hutegemea sana wanga, na mkimbiaji wa masafa marefu huhitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Tende sita ndogo hutoa takriban gramu 30. Kashata za karanga huunganisha sukari na mafuta katika kipande kimoja. Jioni, unga wa uji uliokwisha kupikwa kiwandani, ukichanganywa na maziwa ya unga, humpa wanga na protini ya kurekebisha misuli. Asisahau vitu vya chumvi, kama korosho au bisi, kwa sababu baada ya siku mbili za utamu mdomo hukataa.

Mambo mawili ya kuzingatia. Karanga zichaguliwe moja moja. Zenye ukungu, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi zitupwe, kwani zinaweza kuwa na sumukuvu. Pili, kila chakula kijaribiwe wakati wa mazoezi. Tumbo likigoma jangwani, hakuna duka la kukimbilia.

Vitu vya kutoa

Apime kila kitu kwa mizani ya jikoni na kuandika gramu zake. Nguo za kubadilisha zipungue: jozi ya kukimbilia na moja nyepesi ya kulalia, kwa sababu usiku wa jangwani huwa na baridi. Vifungashio vya chakula viondolewe, kila mlo uwekwe kwenye mfuko mwepesi. Chaja za ziada, taulo kubwa na chupa za sabuni vibaki nyumbani. Akitafuta mfuko wa kulalia ulio mwepesi zaidi, huenda akaokoa nusu kilo mara moja.

Vitu visivyoguswa

Blanketi la dharura, filimbi, kioo cha kuonyesha ishara, dira na dawa ya kusafishia vidonda havitoki. Mwaka 1994 mkimbiaji Mwitaliano, Mauro Prosperi, alipotezwa njia na dhoruba ya mchanga katika mbio hizi. Alipatikana zaidi ya wiki moja baadaye, akiwa ameingia Algeria. Vitu hivi hubebwa kwa ajili ya siku kama hiyo.

Na pampu ya pumu? Irudi leo. Uzito wake ni sawa na tende chache, na vumbi, hewa kavu na mazoezi mazito ni vichochezi vya pumu. Ikae mfuko wa mbele, si chini ya begi.

Soksi za ziada na plasta za malengelenge nazo zibaki. Miguu huvimba, hivyo viatu viwe na nafasi kidogo mbele ya vidole.

Maji na dawa za maumivu

Anywe kadiri ya kiu. Kunywa maji kupita kiasi hushusha sodiamu kwenye damu. Dalili ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, hata degedege. Vidonge vya chumvi havimlindi anayekunywa kupita kiasi.

Dawa kama ibuprofen na diclofenac zisitumike wakati wa mbio. Mwili uliopungukiwa maji na misuli iliyochoka tayari huzielemea figo, na dawa hizi huongeza hatari ya figo kushindwa.

Nani apimwe kwanza

Kila mshiriki amuone daktari mapema; waandaaji huhitaji cheti cha afya na kipimo cha umeme wa moyo. Mimi naongeza kimoja: kipimo cha selimundu. Hapa Tanzania, hasa Kanda ya Ziwa, wengi wamebeba kinasaba kimoja bila kujua, kwa kuwa hawaumwi. Katika joto na mazoezi makali, misuli yao inaweza kuharibika ghafla na hata moyo kusimama. Mbebaji anaweza kufanya michezo, ila aongeze kasi taratibu, apumzike mara kwa mara na asimame mara misuli inapoishiwa nguvu. Mwenye ugonjwa wenyewe wa selimundu asishiriki. Anayetumia insulini apange na daktari wake, kwani joto huiharibu. Kwa mtoto wa chini ya miaka 18, jibu langu ni asubiri.

Mzazi, usigombane na kijana kuhusu kilo. Kaa naye mezani, mpime begi pamoja. Akitaka kupunguza gramu 200, muonyeshe chakula chenye maji na fulana ya tatu, kisha umwombe aache pampu na filimbi mahali pake.