Mafuriko Hayasafishi Mto

Wengi huamini kwamba mvua kubwa ikinyesha Dar es Salaam, Mto Msimbazi huoshwa, na uchafu wake huishia baharini. Ni kweli kwamba maji mengi huzimua uchafu, lakini hiyo ni nusu ya habari. Wakati wa kiangazi mto huu unaoanzia vilima vya Pugu hupungua sana, na sehemu kubwa ya kinachopita mjini huwa majitaka. Maji yakipata joto hubaki na oksijeni kidogo, na bakteria wanaomeng'enya uchafu huimaliza. Ndipo yanapogeuka meusi na kunuka. Wakati huohuo oili chafu ya gereji, vinyesi na taka hulundikana mitaroni, vikisubiri mvua ya kwanza ivikumbe vyote kwa mpigo.

Mafuriko, kama yale ya Desemba 2011, huongeza balaa jingine. Vyoo vya shimo hufurika, na wapo wanaovitapisha makusudi mvua inaponyesha, kisha kinyesi huingia visimani na kipindupindu hupata njia. Metali kama risasi hushikamana na tope, hutuama, na mvua ijayo huitibua upya. Wapo wanaowalaumu wakazi wa bondeni peke yao. Taka hutupwa huko, sikatai. Ila nyumba nyingi za juu nazo hazina bomba la majitaka, na uchafu wake hushuka. Kunyonya vyoo kwa bei nafuu kabla ya masika kungesaidia kuliko kupanua mto tu, maana mto mpana bado hufikisha uchafu uleule baharini.