Kunyonga, Kujinyonga na Kujinyonganyonga

Huko Kipkelion watu wengi husema Kikipsigis nyumbani, na Kiswahili wawapo sokoni, barazani au kwenye zahanati. Kuna neno moja la Kiswahili ambalo hapana budi walitumie kwa uangalifu, nalo ni kunyonga.

Maana yake ya asili ni kupotoa kitu kwa nguvu. Mpishi humnyonga kuku shingo. Apandaye kilima kwa baiskeli huinyonga, yaani huzungusha miguu kwa nguvu za mapaja. Mcheza ngoma hunyonga kiuno, jambo ambalo wazee hulitazama kwa jicho moja na vijana kwa macho yote mawili. Na kile kiungo kati ya paja na kiuno huitwa nyonga. Lakini kamba hainyongwi. Husokotwa.

Hatari huingia pamoja na silabi ndogo "ji". Kujinyonga ni kujitia kitanzi shingoni, wala watu wasikiapo neno hilo hawafikiri maana nyingine. Tuseme mzazi amefika kwenye zahanati usiku, akihema, akasema, "Kijana wangu anajinyonga!" Naye akusudia kwamba tumbo lamuuma mwanawe, hata ajipinda kitandani kama nyungunyungu. Mwandishi wa zamu ataandika habari nyingine kabisa, na askari wataitwa kabla ya dawa. Jambo hilo halikuwa dogo, kwa maana katika Kenya kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai chini ya kifungu cha 226, mpaka Mahakama Kuu ilipoamua, Januari 2025, kwamba kifungu hicho chapingana na Katiba.

Mzazi huyo angalisema, "Tumbo linamsokota," au, "Anajinyonganyonga." Tendo likitajwa mara mbili huonyesha kurudiarudia, kama vile kukatakata na kutangatanga, kitanzi hakimo tena. Hata hivyo nyoka naye hujinyonganyonga majanini, na mwenye maringo hujinyonganyonga njiani ili atazamwe. Kwa hiyo lililo salama ni kusema, "Anajinyonganyonga kwa maumivu ya tumbo," na kutaja ni tangu saa ngapi.