Majani, Maboga na Mirija Kumi: Chekechea ya Marekani Katika Majira ya Mapukutiko

Elimu ya Wadogo: Sehemu ya Pili

Katika sehemu ya kwanza tuliona jinsi Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyefungua mahali pa kuchezea na kufundishia watoto mjini Blankenburg mwaka 1837, alivyoshikilia kwamba mtoto mdogo hujifunza kwa kushika na kupanga vitu kabla hajaweza kuyafuata maneno ya mwalimu. Wazo hilo lilivuka bahari pamoja na wahamiaji. Mwaka 1856 Margarethe Schurz aliwafundisha watoto wachache kwa Kijerumani huko Watertown, Wisconsin, na mwaka 1873 Susan Blow alifungua darasa la chekechea katika shule za umma za St. Louis. Leo chekechea ya Marekani ni mwaka mmoja wa watoto wa miaka mitano, nao katika shule nyingi huanza mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba. Kwa hiyo miezi yake mitatu ya mwanzo huangukia majira ya mapukutiko, na darasa hujaa majani makavu, matufaha na maboga. Mzazi anayezungumza Kiswahili, awe Minnesota au Mombasa, ana haki ya kuuliza kama huko ni kusoma au ni kupitisha wakati. Jibu langu ni kwamba ni kusoma, tena kusoma kwa uzito, ila kwa sharti moja: msimu uwe ule ambao mtoto anauona na kuushika mwenyewe. Sharti hilo likivunjwa, kinachobaki ni mapambo ya ukutani.

Kabla ya majani kuna somo ambalo halimo kwenye kitabu chochote. Mwezi wa kwanza hutumika kumfundisha mtoto shule yenyewe: kuketi kwenye zulia na wenzake, kungoja zamu, kuinua mkono, kurudisha mkasi mahali pake, kutambua jina lake lililoandikwa juu ya ndoano ya mkoba. Baridi inapoingia, mwalimu huongeza kazi ya kuvaa koti na kuifunga zipu bila msaada, jambo linalozoeza vidole vilevile vitakavyoshika penseli. Mwezi wa Oktoba kuna wiki ya kujikinga na moto, inayoadhimishwa tangu mwaka 1922 kwa kukumbuka moto mkubwa wa Chicago wa 1871; watoto hujifunza kutoka nje kwa mstari na kujiviringisha chini nguo ikishika moto. Anayetazama kwa haraka ataona kwamba hakuna kilichofundishwa. Lakini mwalimu mwenye watoto ishirini wasiojua kungoja zamu hawezi kufundisha hesabu wala herufi, na wiki anazotumia Septemba hurudi na faida miezi yote inayofuata.

Hesabu nayo huanza na siku zenyewe. Katika madarasa mengi kuna mifuko mitatu ukutani, ya mamoja, makumi na mamia. Kila asubuhi mtoto mmoja hutia mrija wa kunywea katika mfuko wa mamoja, kuonyesha kwamba siku moja zaidi ya shule imefika. Siku ya kumi mirija hufungwa kwa raba kuwa kitita kimoja, na kitita huhamia mfuko wa makumi. Tendo hilo dogo hubeba jambo ambalo wanadamu walichukua karne nyingi kulikamilisha: kwamba nafasi ya tarakimu ndiyo inayoipa thamani. Viwango vya pamoja vilivyotolewa mwaka 2010, na kufuatwa na majimbo mengi, vinamtaka mtoto wa chekechea aweze kuhesabu hadi 100 kwa moja moja na kwa makumi, na aelewe kuwa namba kama 14 ni kumi moja na mamoja manne. Mtoto aliyekifunga kitita cha kwanza katika Septemba, na cha pili kabla ya Oktoba kwenda mbali, amekwisha kuishika maana ya 14 mikononi kabla hajaiandika. Kitita cha mia kitafungwa wakati wa baridi, lakini msingi umewekwa wakati majani yanapoanza kugeuka rangi.

Majani nayo yana hesabu yake. Watoto hutoka uani, huokota, kisha hupewa kazi ya kuyagawa katika mafungu. Mmoja atayagawa kwa rangi, wa pili kwa ukubwa, wa tatu atatenga yenye ncha kali na yenye kingo za mviringo kama ya mwaloni mweupe. Swali la mwalimu ndilo linalogeuza mchezo kuwa somo: umegawa kwa kanuni gani, na jani hili lililo nusu kijani na nusu jekundu litakaa wapi? Hapo mtoto hugundua kwamba mafungu hayakuumbwa na mti. Yamewekwa na mtu, na mtu huyo anapaswa kuyatolea sababu. Baada ya kugawa, huhesabu kila fungu na kusema lipi limezidi na kwa ngapi. Kuainisha vitu, kuhesabu kila aina na kulinganisha idadi ni sehemu ya viwango nilivyovitaja, na baadaye ndiko kunakozaa takwimu na biolojia.

Boga huenda mbali zaidi, kwa sababu humlazimisha mtoto kukisia kisha kujikosoa. Kila mmoja hukata uzi anaodhani utalizunguka boga, halafu hujaribu. Wengi hukuta uzi ni mrefu mno au haufiki. Halafu boga hutiwa katika beseni la maji. Watoto wengi husema litazama kwa kuwa ni zito, nalo huelea, kwa sababu ndani lina uwazi mkubwa. Tufaha nalo huelea, maana sehemu kama ya robo ya ujazo wake ni hewa. Na likikatwa kwa upana badala ya urefu, huonyesha nyota ya vyumba vitano vya mbegu. Mwishowe mbegu za boga hutolewa, huoshwa na kupangwa kwa makumi, na yule aliyekisia mbegu ishirini hukutana na mamia. Ninachokiona cha thamani hapa ni ile hatua ya kukosea bila aibu. Mtoto alisema jambo, kitu chenyewe kikampinga mbele ya wote, naye akabadili kauli yake, na hakuna mtu mzima aliyemkaripia. Huo ndio mwanzo wa sayansi, na mwalimu hawezi kuufundisha kwa kuueleza tu.

Viwango vya sayansi vya mwaka 2013 vinamtaka mtoto wa chekechea aangalie hali ya hewa ya mahali alipo na kueleza mwenendo wake kwa kipindi fulani, na hakuna wakati unaofaa kazi hiyo kuliko mapukutiko. Minnesota, jimbo lenye Wakenya wengi, mwanga wa mchana huzidi saa 13 mwanzoni mwa Septemba na hupungua hadi kama saa 9 Novemba inapoisha; joto nalo hushuka kutoka zaidi ya nyuzi 20 hadi karibu na kiwango cha maji kuganda. Kufupika kwa siku na kuingia kwa baridi ndiko kunakoufanya mti uache kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani. Rangi ya njano iliyokuwamo majira yote huonekana wazi, baadhi ya miti hutengeneza nyekundu mpya, na kwenye kikonyo huota utando unaolitenga jani na tawi hadi linaanguka. Mtoto wa miaka mitano hafundishwi kemia hiyo. Anachofanya ni kuchora mti uleule wa uani kila wiki, kubandika picha ya jua, wingu au mvua kwenye chati ya kila siku, na mwishoni mwa mwezi kuhesabu siku zipi zilizidi. Mabadiliko yanayoonekana ndani ya wiki chache humpa mtoto ushahidi ambao kumbukumbu yake fupi inaweza kuumudu.

Yuko atakayepinga akisema: haya yote ni mazuri, lakini mtoto hapelekwi shule kuchezea maboga, anapelekwa kusoma. Pingamizi hilo lina uzito, na Marekani yenyewe imelikubali kwa kiasi kikubwa. Utafiti wa Daphna Bassok na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba mwaka 1998 asilimia 31 ya walimu wa chekechea waliamini watoto wajue kusoma kabla mwaka huo haujaisha, na kufikia mwaka 2010 walikuwa asilimia 80. Tena jopo la kitaifa la usomaji lililotoa ripoti mwaka 2000 lilihitimisha kwamba kufundisha sauti za lugha, na uhusiano wake na herufi, kwa utaratibu uliopangwa huwasaidia watoto kusoma. Nalikubali hilo bila kusita. Hakuna mtoto atakayeijua sauti ya herufi kwa kutazama mti, na tahajia ya Kiingereza, ambayo haina unyoofu wa ba, be, bi, bo, bu, inahitaji kufundishwa moja kwa moja, kila siku, tangu Septemba. Ndivyo walimu wazuri wanavyofanya: asubuhi ina saa yake ya sauti na herufi.

Lakini kutamka maandishi ni nusu ya kusoma. Nusu ya pili ni kuelewa, na kuelewa hutegemea maneno ambayo mtoto anayo tayari. Anayelishika boga akasema hili ni zito kuliko lile, gome lake linakwaruza, ndani ni laini na kuna nyuzinyuzi, amejipatia msamiati ambao hatausahau, kwa kuwa kila neno lina kitu kilicholishikilia. Faida hiyo humfikia zaidi mtoto anayetoka katika nyumba ya Kiswahili na kuingia darasa la Kiingereza, maana kitu kinachoshikwa humweleza maana kabla hajaielewa sentensi. Herufi na maboga, basi, hayagombanii saa moja. Saa ya herufi humpa mtoto ufunguo, na saa ya boga humpa kitu cha kwenda kukisoma.

Pingamizi la pili ni kali zaidi, nalo linatoka kwa watu wanaoyajua madarasa hayo kwa ndani. Wanasema katika shule nyingi msimu umegeuka desturi tupu: karatasi yenye jani lililochorwa tayari, watoto wote walipake rangi ya chungwa, yote yabandikwe ukutani yakifanana. Ni kweli, na mfano wa wazi uko Miami na Phoenix, ambako Oktoba bado ni joto na mitende haipukutishi majani mekundu. Mtoto wa huko anayepaka rangi jani la kaskazini hajifunzi kuangalia. Anajifunza kwamba shuleni mtu husema asichokiona. Mwezi wa Novemba huleta kasoro nyingine, kwa kuwa Sikukuu ya Shukrani hufundishwa kwa kofia za karatasi na manyoya, huku habari za watu wa Wampanoag waliokuwa Plymouth mwaka 1621 zikifupishwa hadi kuwa mchezo wa kuigiza. Baadhi ya familia, Waislamu kwa Wakristo, huwazuia watoto wao pia kushiriki Halloween ya tarehe 31 Oktoba. Makosa hayo hayaubomoi msimamo wangu. Yanathibitisha sharti nililoliweka mwanzoni. Kinachofundisha ni kitu halisi pamoja na swali la kweli, na mapambo hayana hata kimoja.

Hapo ndipo somo linapotuhusu sisi. Shule ya Dar es Salaam au Kisumu itakayobandika majani ya chungwa na maboga ya Halloween itakuwa imeiga kosa la Miami. Mwaka wetu wa shule huanza Januari, mchana wetu haubadiliki sana, na miezi ya Oktoba hadi Desemba kwetu ni ya mvua za vuli katika sehemu kubwa ya Kenya na sehemu kadhaa za Tanzania. Mvua hizo zina chati yake: siku ngapi imenyesha, ndoo iliyowekwa uani imepata maji ya kina gani, kumbikumbi wametoka baada ya mvua ya ngapi. Maembe yakianza kuingia sokoni, yanaweza kugawanywa kwa aina, kupimwa kwa mizani na kukisiwa uzito. Komwe za bao zinahesabika kwa makumi vizuri kuliko mirija. Pwani kuna hata mkungu, ambao majani yake hugeuka mekundu kabla ya kuanguka wakati wa ukavu. Mtaala wa Kenya wa PP1 na PP2, yaani madarasa mawili ya awali, una shughuli za mazingira na za hisabati, kwa hiyo nafasi rasmi ipo.

Atakayejibu kwamba madarasa yetu yamejaa na mwalimu ni mmoja anasema kweli, na sitaki kulipuuza jambo hilo. Swali zuri linahitaji muda wa kumsikiliza mtoto, na muda huo hupungua kila kichwa kinapoongezeka. Hata hivyo msongamano ni hoja ya kupunguza idadi na kuongeza walimu. Si hoja ya kurudi kwenye kuimba namba kwa sauti moja hadi mia bila kujua mia ni kiasi gani. Wakati serikali zinadaiwa madarasa, mwalimu anaweza kuwagawa watoto katika vikundi vidogo vyenye rundo la kokwa, kwa kuwa vifaa vya kazi hii ndivyo vya bei ya chini kuliko vyote. Mzazi naye, akitaka kuipima chekechea ya mwanawe, aache kuhesabu picha zilizobandikwa ukutani. Amuulize mtoto wiki hii alikisia nini, na alipojaribu, ikawaje.

Sehemu ijayo itaeleza namna ya kumpima mtoto wa miaka mitano bila kumpa mtihani, na kwa nini walimu wa nchi mbalimbali hawajakubaliana juu ya jambo hilo.