Mwili Hufunzwa: Tizi za Mtaani Kitale na Bungoma

Berlin, 15 Agosti 2009, fainali ya mita 10,000 ya wanawake. Zimebaki hatua chache. Meselech Melkamu wa Ethiopia ako mbele, na mikono zishaanza kupanda juu ju anajua ameimaliza. Nyuma yake kuna manzi wa miaka 19 wa Kapsokwony, huko juu Mlima Elgon, kaunti ya Bungoma. Linet Masai hajainua mkono. Anasukuma hadi hatua ya mwisho, anatupa kifua mbele kwa laini, na dhahabu ya dunia inaenda Elgon kwa tofauti ya sekunde 0.10. Siku mbili baadaye brathe yake, Moses, akabeba shaba ya mita 10,000 ya wanaume kwa uwanja hiyo hiyo.

Uliza wasee wa base yoyote Kitale hizo medali zilitoka wapi. Jibu ni moja: "Hao wa mlima huzaliwa nayo, ni damu." Maze, hiyo siimezi nzima. Mwili ya mzazi inasaidia, na hewa ya juu pia inasaidia. Lakini hakuna mtoi alizaliwa akijua kutupa kifua kwa laini wakati mwenzake anasherehekea. Hiyo mwili ilifunzwa, ikarudiwa na ikarudiwa tena, hadi ikaanza kujifanya bila kungoja ruhusa ya kichwa. Na Edith Masai, wa mlima huo huo, aliposhinda mbio fupi ya nyika ya dunia mara ya kwanza, 2002, alikuwa na miaka 34. Akarudia 2003 na 2004. Kama ni damu tu, ilikuwa inangoja nini miaka hiyo yote?

Ninachosema ni hii: mwili hufunzwa, na sisi wa Kitale na Bungoma tulikuwa na shule ya mwili kwa kila ploti, kila njia na kila uwanja. Hiyo shule inafungwa pole pole tukiangalia. Tuifungue.

Mguu ndani ya fremu

Kama ulikulia Bungoma, Kimilili ama Kiminini, hii unaijua. Baike ni Black Mamba ya fathe, chuma nzito, na mtoi hafiki kiti. Anapitisha mguu ya kulia ndani ya ile pembetatu ya fremu, mwili imepinda kando, kwapa imekumbatia kiti, mkono ya kushoto iko kwa usukani. Anakanyaga nusu, pedali inarudi, anakanyaga nusu tena. Anaanguka. Goti inatoka damu, anapaka mate, anapanda tena.

Siku za kwanza kichwa yote iko bize: angalia mbele, kanyaga, breki iko wapi, huyo kuku anatoka wapi. Baadaye makosa zinapungua, anaanza kusikia baike ikitaka kulala kabla ilale, anairudisha. Halafu siku moja unampata anapita sokoni na debe ya mahindi nyuma, anapiga stori na beshte, hata hajui miguu yake inafanya nini. Wasomi wawili wa Marekani, Paul Fitts na Michael Posner, waliandika hizo hatua tatu 1967: kwanza unafikiria, halafu unarekebisha, mwisho inakuja yenyewe. Mtoi wa Black Mamba huzipitia zote kabla likizo ya Agosti iishe.

Kuna kipande ya ubongo nyuma ya kichwa, juu tu ya shingo, inaitwa serebelamu. Ukijaribu kitu, hiyo kipande inalinganisha vile ulitaka mwili iende na vile ilienda, halafu inarekebisha kidogo. Ndio maana kuanguka sio aibu. Kila kosa inaambia ubongo ipunguze wapi na iongeze wapi. Na ukilala, kazi inaendelea: ubongo inapanga ile kitu mwili ilijaribu mchana. Msee wa kupiga tizi hadi usiku halafu anakesha kwa simu anapoteza sehemu ya faida yake.

Baike zilienda, nduthi zikaingia

Bungoma iko karibu na Malaba, mpakani na Uganda, na biashara ya kubeba watu na baike ilikuja huku mapema. Vijana walikanyaga siku nzima kutoka Kanduyi hadi tauni na abiria nyuma, gunia juu, mvua ama jua. Mapaja zilikuwa chuma tupu. Halafu 2008 serikali ikaondoa kodi kwa nduthi ndogo, na baada ya miaka kadhaa steji zikabadilika sura.

Nduthi imewekea familia nyingi ugali kwa meza na ninaiheshimu. Ju ya nduthi, mgonjwa wa kijijini anafika hosi usiku, na mathe anafikisha mboga yake soko ya Chwele kabla ikauke. Lakini tuseme ukweli ju ya miili. Yule kijana ambaye kazi yake ilikuwa tizi ya siku nzima, saa hii anakaa kwa kiti ya nduthi kutoka alfajiri hadi giza. Abiria wake, ambaye angetembea, pia anakaa. Jioni wote wanakaa tena, na simu.

Mwili ya kukaa inalipa pole pole, na bili inakuja bila kelele. Utafiti wa kitaifa wa 2015, ule wa serikali kuhusu magonjwa yasiyoambukiza, ulipata karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne Kenya ako na presha ya juu. Zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Presha haiumi ikiingia. Sukari pia inaeza kaa kimya miaka. Kutembea haraka, kucheza, kulima na kukanyaga baike zinashusha presha, zinasaidia mwili kutumia sukari, na zinakupea usingizi ya maana.

Nyundo ya jua kali

Pita kwa jua kali Kitale asubuhi. Utaskia mafundi wanagonga mabati ya sanduku na majiko kabla uwaone. Simama hapo dakika kadhaa ucheki mkono ya fundi mzee. Macho yake haiangalii mkono wala nyundo. Inaangalia ile alama kwa bati. Nyundo inaenda juu, mara iko kushoto kidogo, mara kulia kidogo, kiwiko haipiti njia moja mara mbili, lakini inatua pale pale.

Huko Moscow miaka ya 1920, Nikolai Bernstein alipiga picha za mafundi wakigonga patasi na akaona hii kitu. Mwili ya fundi hairudii mwendo moja kama mashine. Kila mara inatatua shida upya, na inafika. Ndio maana msee anapiga frikiki moja kutoka mahali moja jioni nzima, halafu kwa mechi inamtoroka: alizoea mwendo moja, mechi inaleta shida mpya.

Kuna utafiti wa 1978 wa Robert Kerr na Bernard Booth naipenda sana. Walifunza watoi wa miaka 8 kurusha kifuko cha maharagwe bila kuona shabaha. Kundi moja ilifanya tizi futi 3 pekee. Ingine ilifanya futi 2 na futi 4, haikugusa 3 hata mara moja. Siku ya mtihani wote walirusha futi 3, na wale wa kuchanganya wakashinda.

Sasa fikiria kati. Mpira ni makaratasi zimefungwa na nailoni, uko katikati, wawili wanakurushia kutoka pande mbili. Kila mpira inakuja na kasi yake, urefu yake na upande yake. Unaruka, unainama, unageuka, unadaka. Bladda nayo, ile ya kuruka kamba ya mpira, inaanza kwa vifundo, inapanda magoti, inapanda kiuno. Tapo, brikicho, bano: hizo zote ni darasa la kuchanganya, na hakuna mtu alilipa karo. Mtoi aliyecheza kati miaka mitano ameshapata balansi, shabaha na macho ya haraka. Kocha wa hoki ama wa boli akimpata, nusu ya kazi ishaisha. Shule kama St. Anthony's Kitale, inayojulikana nchi nzima kwa boli na hoki, haianzi na miili tupu. Inapokea vijana ambao mtaa uliwafunza kwanza.

Mabega ya Bukusu

Kama unadhani tizi lazima iwe jimu, ngoja Agosti ya mwaka shufwa, msimu wa tohara ya Wabukusu. Kijana anazunguka kwa jamaa zake, chinyimba mkononi, anagonga chuma kwa chuma na mwili yote iko kwa mdundo. Nyuma yake kuna kundi ya wasee wanaimba, wanakimbia mwendo wa pole, wanapanda vilima na kushuka, kijiji hadi kijiji. Hiyo ni saa nyingi za mapafu na miguu.

Na litungu ikianza kulia kwa sherehe, kamabeka inaingia. Mabega zinatetemeka zenyewe, kiuno imetulia, magoti laini. Cheki watoi pembeni. Hakuna mtu anawapea maelezo. Wanaangalia kukhu zao, wanajaribu, mabega zinakataa, wanacheka, wanajaribu tena. Msimu ukiisha, wako ndani. Jamii ilijua kitambo kufunza mwili: mwonyeshe, mpe nafasi akosee, mweke katikati ya watu, mpe sababu ya kurudi. Kamabeka ya dakika ishirini itakutoa jasho ile ya ukweli, na hailipishwi.

Madem pia, sana

Hapa niko siriasi. Shirika la Afya Duniani linataka watoi na vijana wa miaka 5 hadi 17 wasonge angalau wastani wa dakika 60 kwa siku. Kulingana na data ya dunia ya 2016, vijana 81 kati ya 100 wa miaka 11 hadi 17 hawakuwa wanafikisha. Kwa wasichana ni 85, kwa wavulana 78. Huku kwetu tunajua vile inaanza. Akiwa mdogo anacheza bladda na kati na kila mtu. Akianza kukua anaambiwa akae vizuri, amalize vyombo, na uwanja inabaki ya maboy.

Trans Nzoia, kaunti ya Kitale, imeonyesha kinyume. Wiyeta Girls wamechukua ubingwa wa soka ya shule kitaifa, na Trans Nzoia Falcons wamecheza ligi ya juu ya wanawake. Hao madem walipewa mpira, uwanja na saa ya kucheza. Kama uko na sista nyumbani, gawaneni vyombo, ndio na yeye afike uwanjani.

Wiki yako

Mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 kwa wiki za kusonga hadi pumzi ipande lakini bado unaeza bonga. Ni nusu saa, siku tano. Shuka nduthi mapema umalizie na miguu. Ukiwa Kitale, tembea ile njia ya msitu ndani ya makumbusho. Siku mbili kwa wiki piga chuma: mikebe ya rangi imejazwa simiti na bomba katikati inatosha, ama pushapu na kuchuchumaa kwa keja. Halafu chagua kitu moja mwili yako haijui: kuogelea, hoki, kamabeka, kuruka kamba. Fanya kidogo kidogo siku nyingi, badilisha umbali na kasi, angalia shabaha badala ya mkono, kisha ulale poa.

Lakini tizi inataka mahali. Kila kipande ya uwanja ikizungushiwa mabati na kugeuzwa ploti, watoi wa Matisi na Kanduyi wanapoteza darasa. Mkutano wa bajeti ya kaunti ukiitishwa, enda, simama, uulize uwanja wa wadi yenu uko wapi na nani ako na hati yake. Uliza shule ya karibu kama geti inaeza funguliwa Jumamosi. Na jioni ya leo, kabla jua lishuke, itisha watoi wa ploti yenu, funga makaratasi na nailoni, uwafunze kati.